Damu Isiyo na Alama

Mtoto wa pili wa Sijaona alizaliwa mwaka 1966, mnene na mwenye sauti kubwa, na siku ile ya kwanza hakuna aliyemwona na kasoro yoyote. Asubuhi iliyofuata Sijaona alimtoa uani apate jua kidogo, akaona shavu lake, hata weupe wa macho, vimeingia rangi. Alidhani ni manjano ya jikoni tu. Jana yake mama mkwe wake, Bi Mboni, alikuwa amepika mchuzi, na wanawake waliokuja kutoa hongera walikuwa wamepokezana mtoto mikononi. Sijaona akalowesha kitambaa, akamfuta shavu. Rangi haikutoka. Akamfuta kifua, kisha nyayo, na nyayo nazo zilikuwa za manjano. Siku ya tano mtoto aliacha kunyonya, mgongo ukapinda nyuma kama upinde, na kabla ya adhuhuri akafariki.

Wakati ule Sijaona alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Alizaliwa Ulemo, upande wa Iramba, kwa baba aliyekuwa akinunua kuku na asali vijijini na kuvipeleka Singida mjini. Katika safari hizo, akimsindikiza baba yake, ndipo alipoonwa na Othmani, fundi cherehani, ambaye mashine yake ilikaa barazani kwa duka la Bwana Ishwarlal, Mhindi muuza vitambaa. Othmani alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye vidole virefu. Walipata binti mwaka 1964, Chausiku, naye alikua vizuri, hata mafua hayakumsumbua. Kwa hiyo alipofariki yule wa pili watu walisema ni mipango ya Mungu, wakamzika, maisha yakaendelea.

Lakini wa tatu, aliyezaliwa mwaka 1969, alianza kugeuka rangi kabla jua la siku aliyozaliwa halijatua. Siku ya tatu naye akaenda.

Hapo maneno yakaanza. Bi Mboni hakuwa mwanamke mbaya. Alikuwa amemlea Othmani peke yake kwa kuuza maandazi, na alikuwa na mjukuu mmoja tu kwa mtoto wake mmoja tu. Alimpeleka Sijaona kwa waganga watatu kutibiwa chango la uzazi, akamlipia kuku na mbuzi, akamsimamia anywe dawa chungu mpaka mwisho wa kibuyu. Dawa zilipokwisha bila kuleta la maana, Bi Mboni alikaa na mwanawe uani, akamwambia, tena Sijaona akiwa anapembua uwele hatua chache tu kutoka pale, kwamba tumbo la mwanamke yule linakula watoto, na mwanamume mwenye akili hutafuta tumbo jingine. Othmani alikata uzi kwa meno, akaendelea kupindia suruali aliyokuwa nayo. Sijaona alimshukuru kwa kutokubali, ila kwa miezi mingi alimlaumu pia kwa kutokataa.

Mwaka 1971 akashika mimba tena. Hakumwambia mtu mpaka tumbo lilipojitangaza lenyewe. Bi Mboni alitaka azalie nyumbani, mikononi mwake, maana yule wa tatu alizaliwa hospitali na hospitali haikumsaidia kitu. Tena palikuwa na uvumi mjini, ule uvumi wa siku zote wa mumiani, kwamba watu wa hospitali wanakamua damu za watu na kuziuza mbali. Sijaona hakubishana. Siku moja alivaa kanga zake safi, akamwaga maji ya kuoshea vyombo, akaenda kliniki kwa miguu bila kuaga.

Muuguzi aliyempokea alimwuliza watoto wangapi, wangapi hai, na waliofariki walifariki vipi. Aliposikia habari ya manjano, na kwamba wa tatu alianza mapema kuliko wa pili, aliweka kalamu chini. Akampeleka mwenyewe kwenye chumba kidogo mwisho wa ukumbi, kwa mpima damu.

Mpima damu aliitwa Gabrieli, Mnyaturu wa Ilongero, mtu mwembamba ambaye koti lake jeupe lilikuwa limetobolewa na dawa hapa na pale. Alisomea kazi hiyo Dodoma kabla ya Uhuru, akaongezewa mafunzo Dar es Salaam baada yake. Watu walimwita daktari, naye kila mara aliwasahihisha: yeye ni Ndugu Gabrieli tu. Alimtoa Sijaona damu mkononi, kidogo, kwenye kichupa, akamwomba kesho yake arudi na mumewe. Othmani alikuja na utepe wake wa kupimia ukiwa shingoni, akatolewa damu naye. Kichupa kingine cha Sijaona kilifungwa ndani ya chupa ya chai yenye barafu, kikapanda basi la Dodoma, na kutoka huko treni, mpaka Dar es Salaam. Majibu yalichukua majuma mawili.

Yaliporudi, Gabrieli hakutaka kuyasema kwa mdomo tu. Alimkalisha Sijaona kwenye kiti kirefu mbele ya dirisha, akaweka mezani kigae cheupe. Akadondosha juu yake maji mepesi ya rangi ya nyasi kavu, akamwambia haya ni maji ya damu yake yeye Sijaona, yanayobaki juu wekundu unapotuama. Kando akadondosha maji hayo hayo tone la pili. Kwenye tone la kwanza akatia wekundu kidogo kutoka damu ya Othmani, kwenye la pili wekundu kutoka damu ya Sijaona mwenyewe. Akaongeza dawa kutoka chupa ndogo iliyokaa katika friji la mafuta ya taa, akakipasha kigae joto juu ya sanduku lenye taa ndani, akaanza kukiinamisha huku na huku, polepole, kama mtu anayepeta mchele bila kuurusha.

Sijaona aliangalia. Tone lenye damu yake lilibaki laini. Tone lenye damu ya mumewe lilianza kuwa na chengachenga, zikasogeleana, zikashikana, mpaka likawa mabonge mekundu ndani ya maji, kama maziwa yaliyokatika.

Gabrieli akamweleza. Alisema damu ya mtu ni chembe nyingi mno zisizoonekana kwa macho, na kila chembe ina alama juu yake. Ziko alama za namna nyingi. Iko moja ambayo watu wengi sana wanayo, Waafrika, Wahindi, Wazungu, na wachache hawana. Asiye nayo si mgonjwa, haimpungukii kitu. Othmani anayo, Sijaona hana. Watoto waliichukua kwa baba yao. Wakati wa kuzaa, damu kidogo ya mtoto huponyokea kwa mama, na mwili wa mama ukikutana na alama usiyoijua huiona ngeni. Basi hutengeneza kitu cha kuikamata alama ile, kilichokatwa kwa kipimo chake hasa, ambacho alama nyingine hakizigusi. Siku hizi vitabu vya shule vinaiita alama hiyo antijeni na kile kinachoikamata kingamwili. Gabrieli siku ile alisema tu alama na kinga.

“Chausiku alipona kwa sababu mwili wako ulikuwa bado haujajifunza,” alimwambia. “Kwa wa pili ulikuwa umeshaijua ile alama. Kwa wa tatu ukafanya haraka zaidi. Hizo kinga ni ndogo, zinapita kwenye kondo la nyuma zinaingia kwa mtoto, zinazishika chembe zake kama ulivyoona hapa, na chembe zinavunjika. Rangi ile ya manjano ni mavunjiko ya damu.”

Nje mtu alikuwa anafagia changarawe. Kisha Sijaona akasema kitu ambacho Gabrieli alikuwa hajajiandaa nacho.

“Kwa hiyo mama mkwe alisema kweli. Ni mimi.”

Gabrieli akaweka kigae chini. Akamwuliza kama aliwahi kuugua surua akiwa mdogo. Sijaona akasema ndiyo, Ulemo, mwaka ambao nyumba ya jirani walizikwa watatu. Akamwuliza kama ilimrudia. Haikumrudia.

“Basi ni kazi ile ile,” Gabrieli akasema. “Mwili uliiona surua mara moja, ukaishika sura yake, na tangu siku hiyo haikupata mlango. Mwili hauna macho ya kujua huyu ni surua na huyu ni mwanangu. Unajua tu: hii ni yangu, hii si yangu. Uliokulinda wewe ndio huo huo. Hapana kosa ulilofanya, mama. Na mama mkwe wako hapana alichokijua.”

Hapo ndipo Sijaona alilia, kwa mara ya kwanza tangu yule wa tatu. Alilia kimya, akiwa ameshika ukingo wa meza, na Gabrieli akageukia vichupa vyake akavipanga upya ingawa vilikuwa vimepangwa.

Daktari wa wodi, kijana aitwaye Chrispin aliyekuwa na mwaka wa pili tu tangu atoke masomoni, aliwaita mume na mke pamoja. Aliwaambia kwamba huko Ulaya imepatikana sindano ya kuuzuia mwili wa mama usijifunze, lakini ni ya yule ambaye bado hajajifunza. Kwa Sijaona muda wake umepita. Mwili ukishaijua alama hausahau. Iliyobaki ni njia nyingine. Mtoto azalishwe majuma matatu kabla ya wakati wake, kabla kinga hazijamwumiza sana, na papo hapo damu yake ibadilishwe. Inatolewa kidogo kwa kupitia kitovu, inaingizwa nyingine kidogo, mpaka iliyo nyingi iwe ya mgeni. Daktari Chrispin hakuwaficha: ameona ikifanywa mara tatu, na kwa mikono yake amefanya mara moja. Yule mmoja alipona.

Damu ya kuingiza ndiyo iliyokuwa taabu. Ilitakiwa iwe ya mtu asiye na ile alama, ili kinga za Sijaona zilizokwisha kuingia kwa mtoto zisipate cha kukamata. Gabrieli alianzia kwa ndugu. Kaka yake Sijaona, Haji, alitoka Ulemo na lori la alizeti, akanyoosha mkono kwa ujasiri wote, na damu yake ikashikana mabonge. Alama anayo. Haji alikasirika kana kwamba amefeli mtihani. Dada mmoja naye vivyo hivyo. Gabrieli akaenda kwa walimu, akaenda kwa vijana wa Tanu, akaenda mnadani siku ya ng'ombe na sanduku lake la mbao, na huko mnadani watu walianza kumwondokea mmoja mmoja. Mtu akatamka neno mumiani. Wengine wakaokota mawe, bado si ya kurusha, ya kushika tu.

Sijaona alikuwa amemfuata siku hiyo. Hakuwa mtu wa kusema mbele za watu. Hata harusini alikaa nyuma. Lakini alisimama pembeni mwa zizi na tumbo lake la miezi saba, akawaambia kwamba damu inayotafutwa ni ya huyu aliye humu ndani, kwamba amezika wawili na anajua sasa walikufa na nini, na anayeogopa sindano aje aone yeye akichomwa kwanza. Akanyoosha kidole. Gabrieli akamchoma, tone likatoka, basi. Mzee mmoja mwenye shuka akacheka kwamba kumbe ni kidogo kuliko anachonyonya kupe, akaja. Wengine wakafuata. Walipima watu sitini na tatu kwa majuma mawili, na wasio na alama walipatikana wawili tu. Mmoja alikuwa mwalimu wa kike mwenye mimba. Wa pili damu yake ilikuwa na alama nyingine iliyomkataza.

Othmani hakuwa na desturi ya kusimulia habari za nyumbani kwake kazini. Siku Gabrieli alipowaambia kwamba bado hakuna mtu, alirudi barazani akakaa mbele ya cherehani, akaweka mguu kwenye pedali, na mguu haukukanyaga. Vimla, mke wa Ishwarlal, aliyezoea kusikia mashine ile tangu asubuhi hadi jioni, alitoka nje kuuliza imeharibika nini. Vimlabeni, kama walivyomwita wote, alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani, asiye na mtoto, na Kiswahili chake kilikuwa cha dukani, kifupi, kisicho na mzunguko. Othmani akajikuta anamweleza yote, mpaka habari ya alama.

Vimla alimsikiliza hadi mwisho. Akaingia ndani, akarudi na kikadi kilichokunjwa ndani ya kitabu cha sala.

“Mimi nilipasuliwa, kidole tumbo, mwaka juzi,” alisema. “Gabrieli alipima. Alisema, damu yako adimu, tunza hii kadi. Soma, fundi.”

Othmani hakujua kusoma alama zile. Aliondoka pale mbio, kadi mkononi, na sindano ikiwa bado imechomekwa kifuani kwenye shati.

Kadi ilikuwa sawa. Gabrieli aliweka kigae tena, akatia maji ya damu ya Sijaona na wekundu wa Vimla, akainamisha huku na huku kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Tone lilibaki laini. Akayapima na maji ya damu ya Vimla yenyewe, kuhakikisha hayana kinga kama zile, nayo hayakuwa nazo.

Lakini Ishwarlal na mkewe walikuwa wanaondoka. Nyumba ya duka ilikuwa imechukuliwa na serikali miezi michache nyuma, na ingawa waliruhusiwa kuendelea kupanga mle mle, Ishwarlal alikuwa amekata shauri. Alizaliwa Singida, baba yake alikufa Singida, ila alisema amechoka kukaa kama mgeni mlangoni pa nyumba aliyoijenga. Meli ya Bombei ilikuwa na tarehe yake, na tarehe hiyo ilikuwa siku tisa baada ya ile ambayo Daktari Chrispin alitaka kumzalisha Sijaona. Kutoka Singida mpaka Dar es Salaam, pamoja na karatasi za kugonga mihuri huko, Ishwarlal alihesabu kwamba lazima waondoke siku nne kabla ya uzazi.

Sijaona alikwenda dukani kumwona. Rafu zilikuwa nusu tupu na majora yaliyobaki yalikuwa yamefungwa kwa magunia. Alimsalimu, akasimama. Ishwarlal alimletea kiti yeye mwenyewe. Hakuwa mkali. Alimweleza kwamba mkewe ni mdogo wa mwili, kwamba watakuwa majuma baharini, na akizidiwa humo melini nani atamwangalia. Akasema pia, akitazama sakafu, kwamba nchi hii imeshachukua kwake vya kutosha.

Sijaona alisema tu, “Bwana Ishwarlal, sikuja kudai. Nimekuja ili ukikataa, uwe umeniona.”

Vimla alikuwa nyuma ya pazia. Alitoka, akazungumza na mumewe kwa lugha yao, si kwa sauti ya juu, lakini kwa muda mrefu, na Sijaona akainuka kuondoka ili wasigombane mbele yake. Alipofika ngazini Vimla akamwita.

“Mama Chausiku. Yeye atatangulia na mizigo. Mimi nakaa kwa Noorbanu, halafu nafuata. Sema kwa daktari.”

Ndivyo ilivyokuwa. Ishwarlal alipanda basi la Dodoma peke yake, na Vimla akahamia kwa Noorbanu, mjane wa Kihindi Mwislamu aliyekuwa na chumba cha nyuma. Bi Mboni, aliposikia kwamba mjukuu wake atatiwa damu ya Mhindi, alisema hataki kusikia zaidi. Siku ya Sijaona kwenda hospitali hakutoka chumbani kumuaga. Chausiku, mwenye miaka saba, ndiye aliyembebea mama yake kikapu mpaka getini.

Mtoto alizaliwa saa nne asubuhi, wa kiume, mwepesi, mwenye kilio chembamba. Mkunga alimpeleka dirishani, akamfunua jicho. Lilikuwa tayari limeanza. Gabrieli alichukua damu ya kitovuni akakimbia nayo, na baada ya muda mfupi akarudi kusema kinga zimo, zimezishika chembe. Vimla alikuwa amelala kwenye kitanda cha chumba cha pili tangu saa tatu, mkono umenyooshwa, chupa ikijaa polepole chini yake. Alikuwa amefumba macho na midomo ilikuwa inacheza, bila shaka anasali. Chupa moja ilitosha kwa mwili mdogo kama ule.

Sijaona aliomba asitolewe chumbani. Walimkubalia akae kwenye stuli ukutani. Alimwona Daktari Chrispin akiingiza mpira mwembamba kwenye kitovu, akivuta damu kwa bomba la sindano, akiitupa, akisukuma nyingine ndani. Kumi zatoka, kumi zaingia. Mkunga aliandika kila mvuto. Daktari alihesabu kwa sauti, naye Sijaona akaanza kuhesabu pamoja naye bila kutoa sauti. Kufika kumi na saba mtoto alinyamaza, akalegea, na daktari akasimama. Alimsugua kifua kwa kidole kimoja. Mtoto akapiga chafya, akalia, na daktari akafuta jasho kwa mkono wa koti, akaendelea na kumi na nane. Walimaliza kwenye arobaini na tatu. Ilikuwa imepita saa sita na nusu mchana.

Vimla aliletewa chai yenye sukari nyingi. Kabla hajaondoka alimwomba mkunga amwonyeshe mtoto, akamtazama kupitia miwani yake, akamgusa nyayo. Akasema, “Mguu mkubwa. Atatembea sana.” Siku mbili baadaye alipanda basi. Sijaona, akiwa bado amelazwa, hakuweza kumsindikiza. Othmani ndiye aliyempandishia mkoba, na aliporudi alisema Vimlabeni hakugeuka nyuma basi lilipoondoka, ila mkono wake ulikuwa nje ya dirisha mpaka kona.

Manjano yalipanda kidogo tena siku ya tatu, yakashuka. Siku ya kumi walirudi nyumbani. Wakampa mtoto jina Sudi. Bi Mboni alimpokea, akamchunguza macho, mikono, nyayo, kisha akaketi naye mapajani mchana kutwa, asimpe mtu.

Ilionekana yamekwisha, kumbe bado. Sudi alipofika mwezi mmoja alianza kuwa mweupe midomoni na kuchoka kunyonya. Gabrieli alieleza kwamba kinga za mama hukaa mwilini mwa mtoto kwa majuma mengi, na damu mpya ambayo Sudi anaitengeneza mwenyewe ina ile alama ya baba yake. Basi inavunjwa kadiri inavyotoka. Anahitaji damu nyingine kidogo, ya kumvusha, mpaka kinga zichakae. Vimla alikuwa ng'ambo ya bahari. Haji akajitolea tena akiwa amesahau kwamba yake haifai.

Gabrieli alikaa na shida hiyo siku moja. Asubuhi ya pili alimwambia Sijaona alale kitandani.

“Damu yako wewe haina alama,” alisema. “Chembe zako hazijawahi kumdhuru mtu. Kibaya kiko kwenye maji yake. Nitayaondoa maji.”

Alimtoa kiasi cha kikombe. Akakiweka kwenye mashine ya kuzungusha kwa mkono, akazungusha mpaka wekundu ukatuama, akaondoa maji ya juu, akatia maji ya chumvi yaliyochemshwa na kuchujwa, akazungusha tena, akaondoa tena. Mara tatu. Mara ya nne akaifanya kwa sababu ya woga wake mwenyewe. Daktari akamtia Sudi damu hiyo polepole, mchana ule ule, na Sijaona alikaa akitazama damu yake ikishuka tone kwa tone kwenye mpira na kuingia kwa mwanawe. Aliwahi kumwambia Chausiku miaka mingi baadaye kwamba siku ile ndiyo aliyoacha kuuogopa mwili wake. Jioni midomo ya Sudi ilikuwa na rangi ya midomo.

Hawakuzaa tena. Waliamua pamoja, yeye na Othmani, na daktari akawasaidia. Othmani alipotakiwa na mama yake kusema neno kuhusu mke wa pili, safari hii alisema: hapana. Mwaka 1974, watu walipokuwa wanahamishiwa vijijini, familia ilipelekwa karibu na Ilongero, ambako Othmani alishonea ushirika sare za shule. Sijaona alilima mtama na alizeti kama wengine. Wakunga wa zahanati walikuja kumzoea: mwanamke yeyote aliyefika na habari ya watoto wa manjano, Sijaona alimfuata nyumbani, akamhimiza akapimwe mjini, na mara nyingi akaenda naye. Wengi wao hawakuwa na shida kama yake. Wawili walikuwa nayo. Mmoja aliwahi, mwingine hakuwahi.

Kutoka kwa Vimla ilikuja barua moja, kwa Kiingereza, aliyoisoma mwalimu. Ilisema wamefika, wanaishi kwa ndugu, joto ni kali, mtoto anaendeleaje. Walijibu. Barua nyingine haikuja, na hawakujua kama ile yao ilifika.

Bi Mboni aliishi hadi Sudi alipoanza darasa la kwanza. Mwaka wake wa mwisho alikuwa haoni vizuri, na alipenda Sijaona akae karibu naye wakichambua mboga pamoja. Siku moja, bila kutangulizwa na maneno yoyote, aliuliza.

“Na wale wawili. Ilikuwa kitu hicho hicho?”

“Kitu hicho hicho, Mama.”

“Damu ya mwanangu ndiyo iliyokuwa na alama.”

“Ndiyo, Mama. Na yangu haikuijua.”

Bi Mboni alichambua majani mengine mawili matatu kwa kupapasa.

“Nilisema maneno mabaya bure,” alisema.

Sijaona alichukua ungo, akaupeperusha, akautua katikati yao ambapo mikono ya mama mkwe wake ingeufikia. Akamwambia mlenda wa leo ni mchanga, utaiva upesi.